Uvira katika Madaftari ya Wengine

Historia iliyoandikwa ya Uvira, mji wa Kongo ulio kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, inaanza na swali la mto. Mwishoni mwa Aprili 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi wakitokea Ujiji. Walitaka kujua kama mto Ruzizi unaingia katika Ziwa Tanganyika au unatoka humo kwenda kaskazini. Kama unatoka, ziwa lingeweza kuwa chanzo cha Nile, na sifa ingekuwa yao. Waliowaleta walikataa kuwafikisha mdomoni mwa mto, lakini wana watatu wa Sultani Maruta, vijana waliokulia ukingoni humo, waliulizwa na wakajibu bila kusitasita: Ruzizi unaingia.

Burton aliliweka jibu hilo katika kitabu chake cha 1860 kuhusu nchi za maziwa. Miaka minne baadaye, akiwa katika ugomvi mkali na Speke juu ya chanzo cha Nile, aligeuka na kutoa hoja kwamba mto unatoka. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kujionea wenyewe, wakakuta maji yanaingia ziwani kama vijana wa Maruta walivyosema miaka 13 kabla. Majina ya vijana hao hayakuingia katika mjadala wa Ulaya, na wanajiografia walipolihesabu jambo hilo kuwa limethibitishwa, aliyetajwa ni aliyeliona na si aliyelijua.

Kisa hiki kinafaa kuwa mlango wa kuingilia katika nyaraka zote za pwani ya kaskazini ya Tanganyika, kwa kuwa kinaonyesha tabia yao. Karibu hakuna kitabu wala daftari la kale kuhusu Uvira lililoandikwa kwa nia ya kuhifadhi historia ya Uvira. Mmoja alitafuta Nile, mwingine waumini, wa tatu walipa kodi, wa nne samaki. Habari za wenyeji zimo ndani yake kwa sababu mwandishi hakuweza kufanya kazi yake bila kuwauliza. Anayesoma leo inambidi kwanza ajue daftari lilikuwa la kazi gani, ndipo ajue ni kitu gani lilikinasa bila kukusudia na ni kipi kililipita.

Burton mwenyewe ni mfano. Alikuwa mgonjwa, hakupenda wengi wa watu aliokutana nao, na dharau yake imejaa kurasa nzima. Hata hivyo ndiye anayetuambia kwamba Uvira ya 1858 ilikuwa bandari ya mwisho ya wafanyabiashara upande wa kaskazini, mahali palipouzwa watumwa, pembe za ndovu, nafaka, nguo za magome ya miti na vyombo vya chuma. Maelezo hayo ya soko yana thamani kuliko falsafa yake yote kuhusu Waafrika. Nguo za magome na chuma havikutoka mbali: ni kazi za mikono za watu wa milimani na wa ukingoni, na orodha hiyo fupi inathibitisha kwamba uchumi wa hapa ulikuwa hai kabla ya bunduki nyingi kuvuka ziwa.

Upande wa wafanyabiashara wenyewe, kuna kitabu kimoja cha Kiswahili kinachopaswa kuwamo katika kila maktaba ya pwani hii, ingawa Uvira haimo katikati yake. Ni maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyaeleza mwenyewe na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha Berlin mnamo 1902 na 1903. Kinahusu zaidi Maniema na Lualaba, lakini mshirika na mpinzani wake Rumaliza, mkubwa wa Ujiji ambaye nguvu zake zilifika hadi kaskazini ya ziwa, anatokea humo kama mtu wa hesabu, madeni na mirathi. Katika maandishi ya wamisionari mtu huyohuyo ni tishio tu linalokuja kwa mashua. Anayetaka kumfahamu asome pande zote mbili.

Wamisionari hao ni Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe. Walifika Ujiji mwanzoni mwa 1879, wakafungua Rumonge upande wa Burundi mwaka huohuo, wakaingia Masanze upande wa magharibi mnamo 1880, kisha Kibanga, karibu na rasi ya Ubwari, mnamo 1883. Rumonge iliisha kwa damu Mei 1881, Masanze iliachwa, na Kibanga ikafungwa miaka ya tisini ya karne ile. Vituo havikudumu, madaftari yalidumu. Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, aliagiza kila kituo kiandike shajara ya kila siku, nakala zipelekwe makao makuu. Ndiyo maana Ubwari, eneo ambalo hadi leo ni gumu kufikika, lina habari za siku hadi siku za miaka ya 1880.

Shajara hizo huandika mambo madogo: mashua gani imefika, nani ana homa, mvua imechelewa, chifu jirani ametuma mbuzi, mtoto fulani amekombolewa kutoka kwa wafanyabiashara. Watoto hao waliokombolewa ndio mwanzo wa vijiji vya Wakristo vya ukingoni. Padri aliyeandika alihesabu roho, mtafiti wa leo anahesabu njia za biashara na bei ya binadamu. Lugha ni Kifaransa, na daftari ziko Roma. Mtu wa mji wa Baraka anayetaka kusoma jinsi kijiji cha babu zake kilivyokuwa mnamo 1885 anahitaji viza ya Italia, jambo ambalo lingechekesha kama lisingekuwa la kweli.

Tofauti na shajara, vitabu vya ubatizo na ndoa vimebaki parokiani. Kanisa Katoliki lina kanuni ya kuandika pembeni mwa jina la mbatizwa mambo yaliyomfuata: kipaimara, ndoa, mahali ndoa ilipofungwa. Mstari mmoja hivyo hujaa polepole kwa miaka arobaini au hamsini. Kwa mwanahistoria wa familia, rejista moja ya namna hii hueleza nani alihama kutoka milimani kushuka uwandani, nani alioa ng'ambo ya mto, na jina la ukoo lilibadilika lini. Wasomi wamezitumia kidogo mno. Labda ni kwa sababu hazina masimulizi, na masimulizi ndiyo yanayovutia.

Waprotestanti waliacha hazina ya aina nyingine. Wapentekoste kutoka Sweden walifika Uvira mnamo 1921, kisha wakapanda hadi Lemera, mahali palipokuja kujulikana kwa hospitali yake. Barua zao zilichapishwa Sweden katika magazeti ya kanisa ili waumini waendelee kuchanga pesa, na barua ya kuomba mchango ina desturi zake: giza lazima liwe zito ili mwanga uonekane. Msomaji akishaondoa chumvi hiyo, anabaki na picha, majina ya wainjilisti wa kwanza wa Kifuliiru na Kivira, na habari za shule za vichochoroni ambazo serikali haikuziandika popote.

Serikali yenyewe iliingia kwa mipaka. Dola Huru la Kongo na Ujerumani ziligombania bonde la Ruzizi na Kivu kwa zaidi ya miaka kumi. Mnamo Novemba 1899 maofisa wawili, Hecq wa upande wa Kongo na Bethe wa upande wa Ujerumani, walitia sahihi makubaliano ya muda, na mpaka wenyewe haukukubaliwa hadi 1910. Ugomvi huo ulizaa karatasi nyingi pande zote mbili, na tukio moja la Ruzizi mara nyingi lina taarifa mbili zinazopingana, moja Brussels na nyingine miongoni mwa nyaraka za Kijerumani. Kwa bahati, hifadhi ya taifa ya Tanzania jijini Dar es Salaam inatunza sehemu kubwa ya nyaraka za utawala wa Kijerumani, na mtafiti wa Uvira huweza kuifikia kwa meli na basi.

Baada ya 1910 karatasi zilibadilika sura. Amri ya 2 Mei 1910 na ile ya 5 Desemba 1933 ziliwafanya machifu kuwa ngazi ya utawala, na kabla ya kumpa mtu nishani ya uchifu, mwadministreta wa teritware, yaani mkuu wa wilaya wa Kibelgiji, alitakiwa kufanya uchunguzi: huyu ni wa ukoo gani, babu zake walitoka wapi, nani alimtangulia nani. Wazee waliitwa, karani akaandika, nasaba ikawekwa kwenye jalada. Huko ndiko zinakotoka habari nyingi zinazorudiwa hadi leo kuhusu safari ya kutoka Lwindi, mwanzo wa watawala wa Wavira na wa Wafuliiru, na Warundi wa Uwanda wa Ruzizi. Gavana Moeller alikusanya taarifa za namna hiyo kutoka jimbo zima alilolitawala na kuchapisha Brussels, mnamo 1936, kitabu chake kikubwa juu ya mienendo ya Wabantu, ambacho bado hunukuliwa.

Hapa panahitaji kukaa kidogo. Mzee aliyeitwa mbele ya mwadministreta hakuwa anatoa somo la historia. Alikuwa anatetea kiti. Alijua jibu lake litaamua nani akusanye kodi na nani awe chini ya nani, na wapinzani wake walijua vilevile. Majalada hayo kwa hiyo ni ushahidi wa kesi kabla ya kuwa ushahidi wa asili. Nasaba yenye vizazi vingi visivyokatika inaweza kuwa kweli, inaweza pia kuwa imenyooshwa kwa ajili ya siku hiyo. Mwadministreta naye alipenda machifu wachache na wakubwa, kwa hiyo viongozi wadogo, wenye madhabahu ya ukoo na milki ya ardhi ya kijiji kimoja, waliandikwa kama wasaidizi au hawakuandikwa kabisa. Katika mabishano ya ardhi na uchifu ya miaka ya karibuni, nakala za majalada hayohayo zimetolewa mfukoni na kila upande kama hukumu ya mwisho. Karatasi ya 1930 haikukusudiwa kubeba mzigo huo.

Mfano mkali zaidi ni wa Banyamulenge, Watutsi wa milima ya Itombwe. Mwanajiografia Georges Weis aliyechapisha mwaka 1959 kitabu kuhusu nchi ya Uvira, mwanaanthropolojia Jean Hiernaux aliyeandika mwaka 1965 kuhusu Watutsi wa Itombwe, na padri mwanahistoria wa Rwanda Alexis Kagame katika kitabu chake cha 1972, wote wamevutwa huku na huku na watu wanaotaka tarehe moja ya kufika. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na daftari la tarehe. Weis alikuwa anachunguza udongo, mifugo, makazi na njia za riziki kati ya ziwa na milima, na kwa hayo kitabu chake kingali bora. Kinachosomwa zaidi, kwa bahati mbaya, ni aya chache tu.

Wasomi wa historia hasa walikuja baada ya uhuru. Jacques Depelchin, Mkongo, alitetea tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Stanford mnamo 1974 juu ya miundo ya jamii na uchumi ya zone ya Uvira kuanzia mwaka 1800 hivi hadi 1965. Aliuliza wazee kuhusu chumvi, chuma, ng'ombe na kazi ya lazima, badala ya kuuliza tu kuhusu wafalme. Tasnifu hiyo haijawahi kuwa kitabu cha dukani, ila mwandishi huyo alichapisha mwaka 2005, kupitia Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam, kitabu juu ya mambo yanayonyamaziwa katika historia ya Afrika, na anayesoma vyote viwili huona wapi wazo hilo lilianza kukomaa. Bishikwabo Chubaka aliandika juu ya asili ya sheferi za magharibi ya Ruzizi, katika kitabu cha kongamano la Bujumbura la 1979. Bosco Muchukiwa alifuata mwaka 2006 na kitabu kuhusu maeneo ya kikabila na ya kiserikali katika Kivu ya Kusini. Mjini Bukavu, jarida la CERUKI, kituo cha utafiti cha chuo cha ualimu cha ISP, limebeba makala nyingi ndogo za waalimu na wahitimu, na ndani ya kabati za vyuo zimelala kazi za mwisho za masomo, chapa ya taipureta, ambazo waandishi wake walihoji wazee ambao sasa hawapo.

Uasi wa 1964 ndio tukio lililoandikwa kwa wingi kuliko yote. Uvira ilianguka mikononi mwa waasi katikati ya Mei mwaka huo, baada ya vita kuanza uwandani mwa Ruzizi miongoni mwa Wafuliiru. Miaka miwili tu baadaye Benoît Verhaegen alitoa juzuu ya kwanza ya kazi yake juu ya maasi ya Kongo, na sehemu kubwa yake inahusu Uvira na Fizi. Alichapisha barua za waasi, matangazo, orodha za viongozi, mihutasari ya mikutano, akiamini kwamba historia ya wakati uleule inaweza kuandikwa kama wahusika watasemeshwa kabla kumbukumbu haijapoa. Karatasi nyingi alizozinakili zingepotea bila yeye. Kitabu cha pili cha vita hivyo kinajulikana dunia nzima: kumbukumbu za Che Guevara, aliyevuka kutoka Kigoma Aprili 1965 na kukaa milimani mwa Fizi hadi Novemba. Aliziandika Dar es Salaam mara baada ya kushindwa, lakini zilichapishwa kamili mwaka 1999. Wacuba aliokuwa nao walijiita kwa hesabu ya Kiswahili, Moja, Mbili, Tatu, naye Che akawa Tatu; majina ya wapiganaji wengi wa Kibembe walioandamana nao hayamo.

Aina moja ya kumbukumbu husahauliwa na wanahistoria kwa sababu hukaa kwa wanasayansi. Mnamo 1946 na 1947 msafara wa Kibelgiji ulipima ziwa lote. André Capart ndiye aliyetoa kina cha mita 1,470. Taasisi ya utafiti ya IRSAC iliundwa mwaka 1947, ikaweka kituo chake cha ziwa Uvira, ambacho leo ni Kituo cha Utafiti wa Haidrobiolojia, CRH. Wanasayansi wa kituo hicho walirekodi joto la maji, oksijeni, uangavu wa maji, na uvuvi wa ndakala. Makala ya Dubois ya 1958 kuhusu ghuba ya kaskazini na maelezo ya Collart juu ya uvuvi wa ndakala ni historia ya jamii kwa mlango wa nyuma: ndani yake mna taa za wavuvi, nyavu, mitumbwi na misimu ya shibe na njaa. Hata mukeke, samaki mpendwa wa meza za Uvira, amebeba katika jina lake la kisayansi jina la Louis Stappers, aliyechunguza ziwa kabla ya Vita ya Kwanza.

Vipimo hivyo vya zamani vilipata kazi mpya mwaka 2003. Makala mbili, moja katika Nature na nyingine katika Science, zililinganisha joto la Tanganyika la mwanzo na katikati ya karne ya 20 na la wakati huo, zikaonyesha kwamba ziwa limepata joto na maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani, hivyo chakula cha samaki kimepungua. Bila daftari za watu waliopima kwa kipimajoto kilichofungwa kambani, ulinganisho usingewezekana. Hakuna tasnifu ya historia ya Uvira iliyowahi kuleta mjadala wa ukubwa huo.

Kilichohifadhiwa mjini penyewe kimepata mapigo. Vita viliingia Uvira Oktoba 1996, vikarudi 1998, na havijaacha kurudi. Ofisi zimebadilisha wenyewe, na majalada ya teritware, ya mahakama za machifu na ya viwanda kama cha sukari cha Kiliba yamechukuliwa, yamechomwa au yametumika kufungia karanga. Maji nayo yana sehemu yake: usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa nyumba kwa maelfu. Pamoja na nyumba huenda sanduku la bati chini ya kitanda lenye karatasi ya ubatizo, hati ya kiwanja, picha ya harusi na cheti cha shule, ambalo kwa familia nyingi ndilo hifadhi ya nyaraka pekee.

Kwa miaka hiyo ya vita, kumbukumbu kubwa zaidi ni ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa 1 Oktoba 2010 juu ya uhalifu wa 1993 hadi 2003 katika Kongo nzima. Imeorodhesha matukio 617, na Uvira, Fizi na Mwenga zina kurasa nyingi, yakiwemo mauaji ya Makobola ya mwishoni mwa 1998, ambako zaidi ya watu 800 waliuawa. Ripoti iliandaliwa kwa ajili ya majaji. Katika mahakama imetumika kidogo sana, lakini vijijini imekuwa kitabu cha historia: watu huifungua kwenye simu, wakatafuta jina la kijiji chao na tarehe.

Faili jingine liliandaliwa na Kanisa. Tarehe 28 Novemba 1964, Baraka na Fizi, waasi waliwaua wamisionari watatu Waitaliano wa shirika la Waksaveri, Luigi Carrara, Vittorio Faccin na Giovanni Didonè, pamoja na padri Albert Joubert, mwana wa yule Kapteni Joubert aliyelinda vituo vya Mapadri Weupe kusini ya ziwa na wa mama Mwafrika. Ili watangazwe wenye heri, ilibidi mashahidi wahojiwe kwa kiapo, maneno yao yaandikwe, barua na shajara zikusanywe, wanahistoria watoe maoni. Misa ya kuwatangaza ilifanyika Uvira 18 Agosti 2024, ikiongozwa na Kardinali Fridolin Ambongo. Kazi hiyo iliandika sauti za wazee walioiona 1964 wakiwa vijana, na kanuni za uchunguzi wa namna hii, tofauti na shajara za kale zilizoishia Roma, zinataka nakala zipelekwe Roma na maandishi ya asili yabaki yamefungwa kwa lakiri katika hifadhi ya jimbo lililofanya uchunguzi.